Pergola Yako Nimeivunja

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Mipango,

Nakusalimu kwanza kwa sababu Mama alitulea hivyo, wala si kwa sababu moyo wangu umepoa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kikohozi chake kimekwisha? Na mgongo wako ulioumia kule bohari, unaupaka dawa au bado unajifanya chuma? Namwomba Mungu nyote muwe wazima, na wewe hasa uwe na nguvu za kutosha kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Sisi huku tunaendelea. Mama anakula vizuri, analala, sukari yake imetulia. Ile nyonga iliyovunjika imeunga, ila daktari alishasema wazi kwamba kutembea kwa miguu yake ndiyo basi tena. Kiti cha magurudumu ndicho miguu yake sasa. Haya yote unayajua. Nayarudia kwa sababu mambo uliyoyafanya miezi hii ni ya mtu asiyejua.

Haya, habari yenyewe ni hii. Pergola yako, kile kivuli chako cha nguzo na mihimili, nimeivunja. Haikuangushwa na upepo wala haikuliwa na mchwa. Mimi dada yako, nikiwa na akili zangu timamu, nilimleta fundi nikasimama pembeni yake mpaka akamaliza kuibomoa. Zimebaki nguzo nne tu katikati ya bustani. Kama umesimama, tafuta kiti ukae.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nakujua. Kila nikianza kupandisha sauti, mtandao wako unakatika. Ajabu sana huo mtandao, ukisifiwa unasikia mpaka mwisho! Na kule kwenye kundi la familia ndiko usiseme kabisa. Nikiandika neno la maana, binamu anatuma maua, Shangazi anatuma mikono ya kuomba, Mjomba anatuma sala ya asubuhi saa nane mchana, na neno langu linazikwa likiwa hai. Karatasi haina maua. Mpwa wa jirani anasafiri kuja huko keshokutwa, nitamkabidhi barua hii mkononi, na nitamwambia asimpe mtu mwingine yeyote ila wewe.

Tuanzie pale ulipoanzia wewe. Ulialikwa kwa mkubwa wako wa kazi, ukakaa bustanini kwake chini ya nguzo na mihimili, ukanywa chai yako, ukapiga picha ukatutumia. Ukaandika kwamba Mama naye anastahili kitu kama hiki. Jamani, nani alikataa? Mimi mwenyewe nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu mtoto hajamsahau mama yake. Na kweli hujamsahau, hilo siwezi kukunyima. Pesa ya dawa haijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja, na kila nikipita dukani kwa mfamasia nakuombea dua. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Ungekuwa mtu wa hovyo ningekwisha kukuzoea.

Ila hebu niambie, katika picha zote zile ulizotuma, ni lini ulimwuliza Mama anataka nini? Ulimwuliza Mjomba kuhusu nguzo. Ulimwuliza binamu kuhusu rangi, yeye ambaye chumba chake mwenyewe kina kuta tatu za rangi tatu. Ulimwuliza Shangazi upande gani utatoka vizuri kwenye picha. Mama alikuwa ameketi chumba cha pili, mlango uko wazi, anawasikia kwenye spika ya simu mnamgawana.

Mimi nilijua anachotaka, kwa sababu tangu atoke hospitali alikuwa na ombi moja tu, na alilisema mpaka masikio yangu yakachoka. Alitaka kuvuka barabara aende kwa Bibi Cherehani.

Unamkumbuka Bibi Cherehani, au huko ulipo wamekufuta kichwa? Ndiye aliyekushonea kaptula za shule zikiwa na mfuko mmoja, kwa sababu mifuko miwili ulikuwa unaijaza mawe. Sasa hivi haamki kitandani. Miguu imejaa maji, amelala chumba cha mbele karibu na dirisha, na binti yake ndiye anayemgeuza. Yeye hawezi kuja huku, na Mama hawezi kwenda kule. Kati yao ni barabara tu, tena ile nyembamba, magari mawili yakikutana moja lazima lirudi nyuma. Walikuwa wanaongea kwa simu, na kwa kuwa wote wawili masikio yameshachoka, walikuwa wanapiga makelele mpaka muuza magazeti wa pale kona anajua nani amepata choo na nani bado.

Kwa hiyo ulipotangaza kwamba kuna bajeti ya kumtoa Mama nje, nilishika mambo kwa mikono miwili. Nilitoka zamu ya alfajiri kiwandani, nguo bado zina unga wa mikate, nikaenda kwa wauza mbao, nikaenda kwa wachomeleaji vyuma, nikaenda mpaka kwa wale wa saruji kule nyuma ya stendi. Nikakuletea bei tatu: ya mabomba ya chuma, ya mbao laini zilizotiwa dawa, na ya mbao ngumu. Nikakueleza kwamba mabomba ndiyo nafuu, mchwa hawali chuma, na tukijenga ya mabomba na kuiwekea kipande cha bati juu, itabaki pesa ya kutosha kujenga mteremko kwenye ngazi za mlango wa mbele, ili kiti cha Mama kiweze kushuka na kupanda. Na huo mteremko niliuandika wa kwanza kabisa, juu ya nguzo, juu ya saruji, juu ya kila kitu.

Unakumbuka ulinijibu nini? Najua umesahau, mimi sijasahau. Uliandika kwamba mteremko mbele ya mlango utaifanya nyumba ionekane kama zahanati.

Zahanati! Mlango wa mama yako mwenyewe! Mwanamke anaishi kwenye kiti, nyumba imeinuliwa kwa ajili ya maji ya mvua, mbele kuna ngazi na nyuma kuna ngazi, na wewe unaogopa wapita njia watafikiri tunatibu watu! Nilikaa na simu mkononi nikahisi damu inapanda mpaka kwenye masikio. Nikaandika maneno, nikayafuta. Nikaandika tena. Nilipoyatuma, binamu akatuma ua. Basi.

Halafu mkaanza. Mabomba ya chuma yakaonekana ya kimaskini. Mjomba, ambaye maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, ghafla akawa mhandisi, akasema nguzo lazima ziwe nene kama za ukumbi wa harusi. Ukasema mbao ngumu. Shangazi akasema mbao ngumu bila vanishi ni kama bibi harusi bila mapambo. Ukasema vanishi ile ya bei. Binamu akasema vipi taa ndogo ndogo za kuning'inia. Ukasema safi sana, taa ziwepo. Kisha ukaona kwenye picha nyingine kwamba chini kuna sakafu ya mbao, ukasema sakafu nayo iwepo, tena iinuliwe kidogo kutoka ardhini ili isioze. Kila mlipoongeza kitu nilikuwa nauliza, na mteremko je? Na kila nilipouliza ulijibu usijali dada, hilo tutalifanya mwisho, tumalize kwanza kitu kikubwa. Pesa ya mteremko ikaliwa kidogo kidogo. Nusu yake iko kwenye vanishi. Nusu nyingine ilikuwa inaning'inia juu ikimulika wadudu.

Na bati nalo mkalikataa. Mjomba alipoangalia ile picha alikuuliza paa lake liko wapi, na hilo ndilo swali pekee la maana alilouliza mwaka huu. Ukamjibu kwamba pergola haina paa, huo ndio uzuri wake, mihimili inakaa wazi na mimea inapanda juu inaleta kivuli. Sawa bwana. Huko ulipo watu wanalisubiri jua kama mshahara, wakiliona wanatoka nje wote. Huku jua halingoji kualikwa. Muuza miche alituambia kile kitambaazi ulichokichagua kitahitaji mvua za misimu miwili au mitatu kufunika juu. Mama ana miaka mingapi, Mipango? Hebu hesabu polepole.

Nisimsahau fundi. Wewe unamwita mtaalamu kwa sababu anakutumia picha za kazi alizofanya, sisi mtaa mzima tunamwita Fundi Kesho. Ukimwuliza nguzo, kesho. Misumari, kesho. Alichimba mashimo manne akatoweka mpaka Shangazi akatumbukia kwenye moja akienda kuanika nguo. Nilicheka mpaka nikakaa chini, Mungu anisamehe, na Shangazi hajanisamehe. Ila alipokamata kazi aliifanya vizuri, sitamsingizia. Alijenga ulichomwambia ajenge. Kosa lilikuwa hukumwambia kuna mtu wa kiti cha magurudumu atakayekaa hapo.

Ikafika siku ya ufunguzi. Ufunguzi, eti! Shangazi alikuja na gauni jipya. Mjomba alinyoa. Ndipo mkutano mzima ukasimama kwenye mlango wa nyuma ukaziangalia ngazi kama vile zimeota usiku. Mimi nilisogea pembeni. Nilitaka niwaone watafanyaje.

Wakambeba. Mjomba mbele, Fundi Kesho nyuma, kiti kikalazwa na Mama ndani yake kama kabati linalohamishwa. Kwenye ngazi ya pili Mjomba akakosea mguu. Kiti kikaegemea, gauni la Mama likapanda mpaka mapajani mbele ya fundi, mbele ya binamu, mbele ya simu iliyokuwa inarekodi. Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku ile alipoanguka. Wakamshika, hakuumia. Wakamfikisha. Pale kwenye sakafu yako iliyoinuliwa wakambeba tena mara ya pili.

Wewe ulipata picha. Mama katikati, taa juu, watu wamemzunguka. Ukaandika kwamba huyo ndiye malkia wetu. Kama ungeikuza ile picha kidogo ungeona amekamata mikono ya kiti mpaka vidole vimebadilika rangi. Ungeona jua lilivyompiga mistari usoni, mstari wa mwanga mstari wa kivuli, macho ameyafumba. Haukupita muda akaniomba nimrudishe ndani. Ikabidi wambebe tena. Alipofika kitandani aligeukia ukuta, akaniambia maneno haya, na nayanakili kama yalivyo: "Mimi si gunia la mkaa. Msinibebe tena mpaka siku mtakaponipeleka kuzikwa."

Na hakutoka tena. Wiki kwa wiki. Kiti kikawa kinatoka chumbani kwenda sebuleni, sebuleni kwenda chumbani.

Ila ulipokuwa unapiga simu na kumwuliza kama amekaa bustanini leo, alikuwa anakujibu, ndiyo mwanangu, nimekaa, kuzuri sana. Nilikuwa nasimama pale na bakuli mkononi nikimsikia anakudanganya ili usiumie. Nikitaka kumnyang'anya simu ananikazia macho. Siku moja nilimsikia akikuambia kwa unyenyekevu, kama mtu anayeomba kazi, kwamba angependa siku moja afike kwa mwenzake pale ng'ambo. Ukamwambia sawa Mama, tutaangalia. Halafu ukamwuliza kama kitambaazi kimeanza kupanda. Hilo unalikumbuka? Usinijibu. Jijibu mwenyewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi iliyopita. Binti wa Bibi Cherehani alipiga simu asubuhi, mimi nikiwa kazini. Alimwambia Mama kwamba mwenzake usiku ule alizidiwa, na kwamba alipopata nafuu alimwita Mama kwa jina lake la usichana, lile ambalo sisi hata hatulitumii. Akauliza kwa nini haji, amemkosea nini.

Nilirudi mchana. Nikafungua geti, nikamwona Mama mlangoni. Mlango wa mbele uko wazi kabisa, magurudumu ya kiti yako kwenye kizingiti, mbele yake ngazi. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu la heshima. Sijui alilivaaje peke yake, vifungo vilikuwa vimepishana. Amejipaka mafuta. Mkoba uko mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayengoja basi. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimechoka.

Mdogo wangu, sijawahi kuona hasira ya namna ile ndani ya mwili wangu. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Mjomba na nguzo zake za ukumbi, nikalikasirikia lile kundi lote la simu na maua yake. Niliweka mfuko wa mikate chini, nikamwambia Mama asitoke hapo nakuja. Niliposema asitoke nilijisikia vibaya mwenyewe, angetoka aende wapi?

Nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Fundi Kesho. Akaniona akaanza, dada, kesho nitapita. Nikamwambia leo. Akasema ana kitanda cha mteja. Nikapanda nikakaa juu ya kile kitanda cha mteja, na viatu vyangu vya kiwandani, nikamwambia sishuki. Wateja wawili walikuja wakanikuta pale. Wa tatu alipoingia, Fundi akachukua msumeno.

Tulianza kwa kuing'oa sakafu ya pergola iwe njia ya mteremko. Mbao zile ngumu, za bei yako kubwa, zimenyooka, zina vanishi ya kuzuia maji. Tukashusha mihimili ya juu ikawa ndiyo mifupa ya chini ya mteremko. Mihimili mingine ikawa vishikio vya pembeni. Fundi alikuwa anasikitika, anasema kazi nzuri namna hii, bosi atasemaje. Nikamwambia bosi yuko mbali na mimi niko karibu. Mjomba akatokea kwa kelele za nyundo. Akasimama akafungua mdomo. Nikamwambia, Mjomba, nakuheshimu, wewe ni kaka wa Mama, lakini leo ama ushike mbao ama uende nyumbani. Alishika mbao. Nitakuwa mwongo nikisema hakusaidia. Mzee alitoka jasho mpaka koti likamshinda akalivua.

Kazi iliisha Ijumaa mchana. Mteremko ni mrefu, unapinda kidogo kufuata ukuta ili usiwe mkali, unaishia karibu na geti. Niliujaribu kwa kiti kitupu, halafu nikakaa mwenyewe Fundi akanisukuma, halafu nikaweka gunia la unga. Nilipoona haulii wala hautikisiki, nikaingia kumchukua Mama.

Alikuwa tayari na mkoba, amelivaa tena mwenyewe lile gauni la bluu, vifungo vimepishana vilevile. Alipofika pale juu aliomba nisimamishe kiti. Akakishika kile kishikio cha pembeni, akakipapasa. Akasema twende. Tulishuka polepole, mimi nyuma nimekaza mikono, na tulipofika chini hakuutazama upande wa bustani hata kidogo. Hakugeuza shingo. Alikuwa anaangalia geti. Pale barabarani muuza magazeti alisimama katikati akazuia pikipiki kwa mikono miwili, na dereva wa gari moja alipopiga honi alitukanwa na mtaa mzima kwa niaba yetu.

Kwa Bibi Cherehani mlango uko sawa na ardhi. Nilimsukuma Mama mpaka kitandani. Nilidhani watalia. Bibi Cherehani alifumbua macho, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwambia vifungo vyako vimepishana, na nani kakuambia bluu inakupendeza. Mama akamjibu, wewe ndiye uliyelishona. Wakaanza kucheka. Wakacheka mpaka binti akaingia mbio akidhani mgonjwa amezidiwa. Halafu yule mgonjwa akanyoosha mkono, akavifungua vifungo vya Mama na kuvifunga upya kimoja kimoja, na Mama alimwachia akainamisha kichwa. Pale ndipo nilipotoka nje, maana niliona sina kazi mle ndani.

Walikaa mpaka jua likapoa. Jana alikwenda tena. Leo baada ya ibada amekwenda tena, na ndiyo sababu nimepata nafasi ya kukuandikia. Bibi Cherehani hatapona, daktari hakuficha. Siku zilizobaki hatuzijui, lakini zile wiki zilizopotea kwa sababu ya vanishi, hizo tunazijua. Hizo nakupa wewe uzibebe.

Sitaki pesa, usinitumie chochote kwa ajili ya hili. Fundi nimemlipa kwa zile taa, amezitundika kwenye karakana yake na anaringa nazo. Nguzo nne zibaki hapo, Mama anasema ni nzuri za kufungia kamba ya nguo. Ukija na wageni wako mwisho wa mwaka kama ulivyopanga, kutakuwa na viti, kutakuwa na chai, na kutakuwa na nguo zimeanikwa. Mtakaa.

Lipo jambo moja la mwisho, na hili ndilo linalonichoma kuliko yote.

Ijumaa ile, nilipokuwa namrudisha Mama, tulipoanza kuupanda mteremko, mimi nasukuma, nahema, unga wa msumeno umejaa kichwani, kidole nimekigonga kwa nyundo kimevimba, Mama alikipapasa tena kile kishikio cha pembeni akasema, "Nilimwambia mwanangu kwenye simu kwamba nataka kufika kwa mwenzangu. Kumbe alinisikia. Mbao nzuri namna hii, ni yeye tu."

Nilisimama. Nilifungua mdomo, Mipango. Nilikuwa nayo yote ulimini, zahanati, vanishi, kitambaazi, yote. Kisha nikauona uso wake kwa upande. Hajawahi kuwa na uso ule tangu Baba afariki. Nikafunga mdomo nikasukuma. Nikamwambia ndiyo Mama, alikusikia.

Kwa hiyo atakupigia simu kukushukuru. Hajapiga bado kwa sababu anangoja apate muda wa kutosha, anasema ana mengi. Wewe utapokea. Usimwambie hujui anachosema. Usijitie unyenyekevu ukaanza kueleza kwamba ni dada. Utamsikiliza mpaka atakapomaliza, mtandao wako usithubutu kukatika, na atakapokubariki, kama ninavyomjua atakubariki sana, utasema asante Mama. Neno kwa neno upokee, na ujue kila neno la baraka hiyo si lako. Kisha umwulize Bibi Cherehani anaendeleaje. Umwulize kila siku.

Nisalimie wifi yangu, mwambie yeye hana kosa. Nibusie watoto, yule mdogo mfunike kifua. Mjomba anakusalimu, anatembea mtaani akisema mteremko aliujenga yeye, mwache. Shangazi anakusalimu pia ila amenuna kwa sababu ya taa. Binamu amekutumia maua, bila shaka umeshayaona.

Mungu akulinde huko ulipo, akupe mgongo mzima na riziki ya halali, na akupe masikio. Nikimaliza kukasirika nitakupigia mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, na leo kwa shida sana,

Dada yako